Paa lina tundu, ukuta unalitoboa, matofali yanachezacheza: tatizo huanzia wapi?

Swali la msomaji: "Nachora nyumba yetu mwenyewe kwa programu ya kompyuta. Ramani ina umbo la herufi L: jengo kuu lina upana wa mita 8, ubawa mita 5, na mbele kuna baraza la mita 2. Kuta zina kimo cha mita 2.7 na mteremko wa paa nimeweka nyuzi 25. Nilipobonyeza kitufe cha kujenga paa, lilitoka na tundu pale ubawa unapokutana na jengo kuu. Ukuta mmoja wa ndani umetokeza juu ya paa kama pembe, na upande wa baraza paa limeshuka mpaka linaziba mlango. Nimejaribu kuvuta vipande vya paa kwa mkono, lakini nikirekebisha hapa panaharibika pale. Tena matofali ya nje yanachezacheza nikizungusha picha, na mawimbi ya bati yamelala badala ya kushuka. Je, nibadili programu?"

Jibu:

Usibadili programu, na kwa sasa usiliguse paa tena. Umetaja dalili tano, lakini nyingi zinatoka mahali pamoja, yaani kwenye kuta. Programu inayojenga paa yenyewe inategemea mambo machache tu: mzingo wa kuta za nje, kimo cha kila ukuta, urefu wa upenu (sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta) na nyuzi za mteremko ulizoandika. Kutoka hapo inapiga hesabu. Kuta zikiwa na kasoro, hesabu nayo inakosea, na kosa linajitokeza juu kwenye paa wakati chanzo kiko chini. Ndiyo maana ukivuta kipande kimoja, kingine kinafunguka upande wa pili.

Fanya kazi kwa mpangilio huu, nakuomba usiuruke: kuta kwanza, paa baadaye, nyenzo (yaani matofali na bati) mwisho. Hifadhi nakala ya faili kwa jina jingine, kisha ndani ya nakala hiyo futa paa lote, pamoja na vipande ulivyovivuta kwa mkono. Najua umevitolea jasho. Lakini kipande kilichohaririwa kwa mkono mara nyingi huacha kufuata kuta, na hata ukirekebisha ukuta ulio chini yake chenyewe hakisogei. Baya zaidi, ukibonyeza tena kitufe cha kujenga paa, programu inaweza kuviacha vile vya zamani na kuweka vipya juu yake. Ukishafuta, zungusha picha utazame. Ukiona bado kuna kipande kinaning'inia, ujue ulikuwa na mapaa mawili yaliyolaliana, na hilo peke yake linatosha kukuvuruga kwa wiki nzima.

Sasa rudi kwenye ramani, uitazame kutoka juu. Jambo la kwanza ni kuhakikisha vyumba vimefungwa. Programu nyingi huandika eneo la chumba katikati yake, au huing'arisha sakafu unapobofya ndani. Bofya chumba kimoja kimoja. Chumba kisichotoa eneo, au vyumba viwili vinavyohesabiwa kuwa kimoja, vina mwanya mahali fulani. Mwanya wenyewe unaweza kuwa wa mm 3 tu, hauonekani kabisa ukitazama ramani nzima. Kuza kona mpaka unene wa ukuta ujaze skrini. Katika kona iliyoungana, mistari ya nje ya kuta mbili inakutana kwenye nukta moja, ya ndani vilevile, na hakuna mstari unaokatiza unene wa ukuta. Kona mbovu ina kijistari kinachokatiza, dalili kwamba ukuta mmoja umemkaribia mwenzake bila kumshika. Shika ncha ya ukuta huo, irudishe nyuma kidogo, kisha ivute tena taratibu mpaka inase.

Kwako ningeanzia kona ya ndani ya L, kwa sababu tundu lako liko juu yake. Hapo ndipo mteremko wa jengo kuu na wa ubawa vinapokutana na kufanya bonde, na bonde hilo halitoki sawasawa kama programu haioni kwamba kuta hizo mbili ni mzingo mmoja.

Ukiwa palepale, tafuta vitu vitatu vingine. Kimoja ni vipande vidogo vya ukuta, vya mm 5 au 10, vinavyobaki baada ya kuhamisha na kukata kuta. Kwa macho havionekani, lakini programu inavihesabu kama upande mzima wa nyumba na kuvitafutia mteremko wake. Kingine ni kuta mbili zilizochorwa mahali pamoja. Bofya ukuta, ufute, na kama mwingine unabaki palepale, huo wa pili ulikuwa umejificha. Acha mmoja tu. Cha tatu ni pembe. Ukuta unaoonekana umenyooka unaweza kuwa na nyuzi 89.6 badala ya 90. Kwenye ukuta wa mita 12, nyuzi hizo 0.4 zinakupotosha kwa mm 84 mwishoni, na kilele cha paa kinatoka kimepinda. Bofya kila ukuta wa nje usome pembe yake kwenye kisanduku cha vipimo. Usiamini jicho.

Kuna na suala la uso wa ukuta. Ukuta wenye matabaka, kwa mfano tofali nje na plasta ndani, una upande wa nje na upande wa ndani, na programu huamua upande kwa kufuata mwelekeo uliochora. Ukichora kuta tatu kwa kuzunguka kulia na ya nne kwa kuzunguka kushoto, ya nne inaweza kugeuza plasta nje. Paa nalo linaweza kuanza kupimwa kutoka tabaka jingine, kwa hiyo upenu wa upande huo unatoka kwa sentimita kadhaa tofauti na pande nyingine. Amri ya kugeuza ukuta ipo karibu katika kila programu. Wanaotumia Archicad wana jambo la ziada: kila nyenzo ya ujenzi ina namba ya kipaumbele kati ya 0 na 999, na yenye namba kubwa hukata yenye namba ndogo zinapokutana. Kona ikionyesha plasta imekata tofali, mara nyingi ukuta wenyewe hauna kosa. Zirekebishe namba hizo.

Kuta zikiwa safi, tazama vimo. Andika kwenye karatasi kimo cha kila ukuta wa nje. Kama tano ni mita 2.7 na mmoja ni mita 2.75, huo mmoja ndio utakaolivunja paa, kwa sababu mteremko wake utaanza juu zaidi na hautakutana na wa jirani pale ulipotarajia. Visawazishe, isipokuwa pale ulipotaka tofauti kwa makusudi.

Sasa tufike kwenye paa lenyewe. Hapa kuna hesabu moja ambayo kila mchoraji anapaswa kuijua, maana itakuonyesha kama programu imekosea au imekutii. Kilele cha paa hupanda juu ya ukuta kwa nusu ya upana wa jengo mara tanjenti ya nyuzi za mteremko. Tanjenti ya nyuzi 25 ni 0.466. Jengo kuu, nusu ya mita 8 ni 4, kwa hiyo kilele kinapanda mita 1.87. Ubawa, nusu ya mita 5 ni 2.5, kilele kinapanda mita 1.17. Tofauti ni sentimita 70. Kwa hiyo kilele cha ubawa lazima kiingie ubavuni mwa paa kubwa, chini ya kilele chake, na mabonde yake kwenye ramani lazima yakimbie kwa nyuzi 45. Ukiyaona hivyo, programu iko sawa.

Watu wengi hupenda vilele viwili viwe usawa mmoja, na hapo ndipo huanza kuvuta vipande kwa mkono. Kuna njia mbili halali. Unaweza kuupa ubawa mteremko mkali zaidi, ambao kwa vipimo vyako ni karibu nyuzi 37, ukikubali kwamba mabonde hayatakuwa tena ya nyuzi 45 na sura ya nyumba itabadilika. Au unapandisha kuta za ubawa kwa sentimita 70. Mimi ningeacha kilele cha ubawa kikae chini. Paa dogo linaloingia ubavuni mwa paa kubwa ni rahisi kulijenga, na mabonde yake ni mafupi. Bonde ndilo sehemu ya paa inayopokea maji ya pande mbili kwa pamoja, hivyo likiwa fupi ni heri.

Baraza ndilo lililokuumiza zaidi, na hapa naomba tukae kidogo. Dalili inaonyesha ulilifunika kwa kurefusha upenu wa jengo kuu hadi mita 2. Fuata hesabu ileile kwenda chini: mita 2 mara 0.466 ni sentimita 93. Toa kwenye kimo cha ukuta, mita 2.7, unabaki na mita 1.77. Ukingo wa paa umefika chini ya kichwa cha mtu mzima, na mlango wa mita 2.1 hauwezi kuonekana wote ukisimama mbele ya nyumba. Programu imechora ulichoiagiza. Kumbuka kwamba hata upenu wa kawaida wa mm 600 unashuka sentimita 28 kwa nyuzi 25, hivyo kila unapochagua upenu, linganisha ukingo wake na juu ya madirisha kabla ya kuendelea.

Wengine hukimbilia kulichora baraza kama chumba chenye kuta fupi au uzio. Programu inalihesabu kuwa sehemu ya nyumba, upana wa jengo kuu unakuwa mita 10 badala ya 8, kilele kinasogea mbele kwa mita 1 na kupanda sentimita 47 zaidi. Unashangaa paa lote limehama ilhali uligusa baraza tu.

Linalofaa ni kulivunja paa mara mbili. Acha paa la jengo kuu likome juu ya ukuta wa mbele kwa nyuzi 25, kisha anzisha hapo mteremko wa pili wa nyuzi 10 unaoelekea nje. Kwa mita 2 za baraza na upenu wa mm 300, unashuka sentimita 41 tu, na ukingo unabaki mita 2.29 kutoka sakafuni. Programu nyingi zina nafasi ya kuandika mteremko wa pili na umbali unapoanzia. Kama yako haina, chora paa la baraza kama kipande cha peke yake kinachoegemea ukuta. Hicho kipande ndicho pekee ningekuruhusu ukichore kwa mkono. Jambo moja la kujenga kweli: nyuzi 10 hazifai kila kifuniko. Vigae vingi vinahitaji mteremko mkali kuliko huo, bati linavumilia zaidi, na kiwango cha chini huandikwa na mtengenezaji wa bidhaa yenyewe. Kisome kabla ya kuamua.

Na pale unapotaka ukuta wa pembetatu ubavuni badala ya mteremko, usilikate paa. Katika Home Designer na Chief Architect agizo hilo hukaa kwenye ukuta: unafungua sifa za ukuta na kuuambia uwe wa pembetatu. Katika Revit liko kwenye mstari wa mzingo wa paa: unaondoa alama ya mteremko kwenye mstari huo. Sweet Home 3D haikujengei paa kutokana na kuta, lakini kila ukuta unaweza kupewa kimo cha mwanzo na kimo cha mwisho vilivyo tofauti, kwa hiyo unaukata ukuta katikati, chini ya kilele, na kuvipa vipande viwili mteremko kutoka kila upande.

Ule ukuta wa ndani uliotokeza kama pembe ni suala jepesi. Umeandikiwa kimo chake mwenyewe badala ya kuambiwa ukome chini ya paa. Inatokea hasa kwa ukuta ulionakiliwa kutoka sehemu nyingine ya ramani, kwani unakuja na kimo chake cha zamani. Kata mchoro kwa wima, yaani fungua mwonekano wa mkato unaopita juu ya ukuta huo, uone unafika wapi. Kama unatakiwa uishie kwenye dari, mpe kimo cha dari. Kama unatakiwa upande hadi paani, tumia amri ya kuuambatisha na paa; Revit inayo, na programu nyingine nyingi zina amri ya kukata kuta kwa paa. Usipunguze kimo kwa kukisia mpaka pembe ipotee machoni, maana ukibadili mteremko kesho pembe itarudi.

Sasa jenga paa upya, litazame pande zote, na ukiridhika ndipo uguse nyenzo.

Matofali kuchezacheza kuna maana moja karibu kila mara: nyuso mbili zimekaa mahali pamoja kabisa, na kompyuta haiwezi kuamua ipi iko mbele. Kila unaposogea inachagua tofauti, na ndiyo unaona madoa yakiruka. Kama ulikuwa na ukuta wa pili uliojificha, kuufuta kule mwanzoni kumeshalimaliza tatizo. Kama bado, tazama ukingo wa sakafu: bamba la zege lililochorwa mpaka uso wa nje wa ukuta linagombana na tofali. Lirudishe ndani kwa mm 5. Tabaka la plasta au mbao lililobandikwa kama kitu cha peke yake nalo lisogeze nje kwa mm 2 au 3. Lakini kama nyumba nzima inacheza ukiwa mbali na inatulia ukikaribia, tatizo ni umbali. Pengine kuna uwanja mkubwa mno ulioingizwa, au nyumba imechorwa mbali sana na kitovu cha faili (nukta ya sifuri ambako vipimo vyote huanzia) kwa sababu ilifuata vipimo vya ramani ya upimaji. Programu nyingi huonyesha picha kwa namba zenye takriban tarakimu 7 za uhakika. Ukihesabu kwa milimita na kupita 16,777,216, yaani karibu kilomita 17 kutoka kitovuni, namba za aina hiyo haziwezi tena kutenganisha milimita moja na nyingine. Rudisha nyumba karibu na sifuri.

Mawimbi ya bati yaliyolala yanarekebishwa kwa kuizungusha picha ya nyenzo nyuzi 90. Ila tazama kwanza: kama yamelala kwenye miteremko yote, zungusha nyenzo yenyewe mara moja. Kama yamelala kwenye baadhi tu, picha inafuata mhimili wa faili badala ya kufuata mteremko wa kila kipande, na utalazimika kuubadili mpangilio huo au kugeuza kipande kimoja kimoja.

Ukiwa hapo, sahihisha na ukubwa, maana karibu kila nyenzo iliyopakuliwa inakuja na ukubwa usio wake. Usikisie kwa macho. Hesabu kilichomo kwenye picha. Tofali la urefu wa mm 215 na kimo cha mm 65, likiongezwa kiungo cha mm 10, linachukua mm 225 kwa 75. Kama picha yako ina matofali 4 kwa upana na mistari 8 kwenda juu, iandike mm 900 kwa 600, basi. Bati la mawimbi ya mm 76, picha yenye mawimbi 10 ni mm 760. Nyenzo ikitoka kubwa au ndogo mara 25 hivi, shaka vipimo vya faili: inchi moja ni mm 25.4, na mtu mahali fulani amechanganya viwili hivyo.

Utakutana pia na hali ambapo unapaka ukuta mmoja na kuta zote zinabadilika. Hapo umebadili aina ya ukuta, siyo ukuta. Nakili aina hiyo, ipe jina jipya, uitumie pale unapotaka. Kinyume chake, ukuta usiobadilika hata ukibadili aina yake una rangi iliyopakwa juu yake moja kwa moja, iondoe kwanza. Na nyenzo ikigeuka kijivu ukifungua faili kwenye kompyuta nyingine, picha zake hazikusafiri nalo. Ziweke zote kwenye folda moja pamoja na faili tangu mwanzo.

Ikiwa baada ya yote haya tundu la kona bado lipo, fungua faili jipya na uchore L hiyo kwa kuta sita za nje tu, kwa vipimo vilevile, kisha ulijenge paa. Likitoka zima, nakili vyumba vya ndani kimoja kimoja kutoka faili la zamani, ukijenga paa upya baada ya kila kimoja. Chumba kitakacholivunja ndicho chenye ukuta mbovu. Usikinakili, kichore upya.